Nakonde ya Darasani Kwetu

Walinialika nikatoe nasaha, nikaenda na ngumi mfukoni. Shule yangu ya zamani pale Tunduma ilikuwa na mahafali ya kidato cha nne, na mkuu wa shule wa sasa, mama mmoja mpole asiyenijua vizuri, alikuwa anatafuta watu waliofika chuo ili wawaambie wanafunzi yale ambayo wao wenyewe wangependa kuambiwa wakiwa na umri ule. Nikaipiga pasi suti yangu ya pekee, ile niliyohitimia shule ya jioni, yenye mabega mapana kiasi kwamba milango mingi naingia kwa ubavu. Kutoka stendi hadi shuleni nilikuwa natunga hotuba kichwani. Ilikuwa matusi matupu.

Maana huyo kijana ninayetakiwa kumshauri mimi namfahamu, rafiki yangu: ni mimi wa miaka ile. Alikuwa mwembamba kama ufito, shati lake limefuliwa mpaka likapata rangi ya uji, alikaa mtaa wa Chapwa na bibi yake, na alikuwa mpumbavu. Ningempata leo, nasaha zingesubiri kwanza. Ningeanza na kofi.

Asubuhi za nyumba ile zilianzia puani. Bibi alichemsha karanga za kuuza katika sufuria ambalo ungeweza kumwogeshea ndama. Karanga zilitoka Ndalambo kwenye magunia, na nadhani nusu ya mashamba ya Ndalambo ilikuja nazo, maana udongo wa kuosha haukuwahi kuisha na mwoshaji nilikuwa mimi. Mwezi wa saba maji ya kwetu ni baridi hivi kwamba vidole vinakuhama. Unaviona palepale kwenye beseni, lakini ukivituma haviendi. Bibi akitia chumvi na kufunika kwa gunia, mvuke wenye harufu ya udongo na chumvi ulijaa nyumba nzima, ukaingia kwenye mablanketi, kwenye madaftari, mpaka kwenye shati langu la shule. Kisha alijaza beseni, akalifunika kwa kitenge, akajitwika, akavuka kwenda kuuza Nakonde, upande wa Zambia.

Usidhani kuvuka huko kulikuwa safari. Kati ya mlango wetu na Zambia palikuwa na ua mmoja tu, wa jirani yetu, mama aliyemchukia kila kiumbe mwenye miguu kwa sababu wenye miguu wote walipita nyuma ya jiko lake kwenda ng'ambo. Maji ya vyombo aliyamwaga kwa shabaha. Bibi alimsalimia kila alipopita, na jirani hakuitikia hata siku moja. Nilipomuuliza bibi anamsalimia wa nini, alinijibu kwamba salamu ni kama chafya, ukishaitoa imetoka, huwezi kungoja mtu akurudishie. Hatua chache mbele alikuwa ameshaanza kusema "mulishani", salamu ya kule, na wateja wake. Mimi mwenyewe, kabla sijajua kusoma, nilikuwa nimeingia nchi ya watu mara nyingi kuliko balozi yeyote. Nilitumwa sukari kule kama mtoto wa kwingine anavyotumwa kibiriti.

Shika hilo la kuvuka, sasa twende darasani.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa suruali iliyonyooka na moyo uliopinda. Tulipoingia kidato cha tatu alitupa jaribio, akalisahihisha, kisha akachukua chaki, akainama, akachora mstari sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, nyuma ya safu ya tatu ya madawati. Akatangaza kwamba mbele ni Tunduma na nyuma ni Nakonde. Wenye akili wabaki nchini, wengine wahame na madaftari yao. Darasa zima lilicheka. Hata sisi tuliokuwa tunahamishwa tulicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wenyeji, ili tuonekane tumeuelewa utani.

Utani ule ulikaa miaka. Kila Jumatatu, tukishapiga deki, kiranja aliuchora mstari upya, naye aliufanya kwa uangalifu kama mtu anayepaka altare rangi. Wa mbele walituita wageni. Ukitaka kwenda ubaoni walikutegea mguu njiani wakikudai pasi ya kusafiria. Wakati wa mvua ndipo ugeni wenyewe ulipoonekana, maana darasa lilikuwa refu hivi kwamba ungetoka ubaoni hadi kwetu ungefunga na chakula cha njiani, na bati la shule lile mvua ikilipiga, hata mwisho wa dunia ungetangazwa tusingesikia. Tuliona mdomo wa mwalimu ukifunguka na kufungika kama wa samaki. Tulinakili mdomo.

Siku moja ya mvua niliinua mkono nikaomba arudie. Alijibu kwamba Nakonde haiulizi swali mpaka igongewe muhuri. Nikainua tena. Pengine ndiyo mara pekee yule mpumbavu alionyesha dalili za ubongo. Nikaambiwa nimevuruga somo, na mlezi wangu aje kesho.

Bibi alikuja kesho yake akitokea ng'ambo moja kwa moja, beseni likiwa kichwani na kitenge kikifuka mvuke. Alipiga hodi mlangoni, mwalimu akamwamkia shikamoo kwa meno, naye akaingia na harufu yake yote ya karanga. Kabla ya kuelezwa kosa langu akauona mstari.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni mpaka, bibi. Mjukuu wako yuko upande wa wasioelewa."

Bibi aliutazama kama anavyotazama debe lenye tundu. "Mwanangu," akamwambia, "mpaka wenyewe nimetoka kuuvuka sasa hivi na mzigo kichwani. Askari amenisalimia."

Akaupita. Alitembea na kandambili zake zenye tope mpaka dawatini kwangu, akatua beseni juu ya daftari langu, akasema taratibu, kwa sauti aliyokuwa akinitumia nikiwa na homa: "Baba, inuka. Chukua vitabu vyako twende ukakae pale mbele."

Palikuwa na nafasi mbele. Nusu ya dawati tupu, karibu na dirisha, karibu na ubao. Naiona mpaka leo. Mwalimu alikuwa amesimama na chaki yake mkononi kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake. Ningeinuka, nani angenizuia? Kisha mmoja wa mbele akauliza, "Karanga bei gani, bibi?" Darasa likalipuka.

Na yule mjinga, rafiki yangu, yule niliyeitwa kumpa nasaha, aliinamisha kichwa akasema, "Bibi, nenda nyumbani."

Bibi aliinua beseni lake. Alijitwika, akageuka, akatoka. Kandambili yake ilikanyaga mstari ikaufuta, pakabaki pengo linalotosha mguu mmoja. Pengo lile lilikaa wazi mpaka Jumatatu. Nililitazama tangu siku ile mpaka kiranja alipokuja na chaki akaliziba, mimi niliyekuwa navuka nchi kwa ajili ya sukari.

Baada ya hapo sikuwa na jina tena, niliitwa Karanga. Kidato cha nne, muda wa kujiandikisha kwa mtihani ulipokaribia, mwalimu alituita wakazi wa Nakonde mmoja mmoja akatushauri tupumzike tusiichafue shule. Wengine walikataa. Mimi nilipumzika. Nilipumzikia mgongoni, nikipakia mizigo kwenye malori yanayongoja kuvuka, miaka mpaka mabega yangu yakaifikia suti hii. Bibi hakuwahi kunitajia ile siku. Kila jioni nilikuta amenibakizia karanga kwenye bakuli. Alifariki kabla sijaanza shule ya jioni, ambako chumba kilikuwa kimoja na taa moja, na mwalimu alitwambia maneno ambayo ningeyalipia dhahabu zamani: sogeeni karibu na taa, nyote. Tulikaa tumebanana, utingo, mama na mtoto wake wa kunyonya, mimi na mabega yangu, na hesabu zikaingia kama zilikuwa zinangoja tu mlango ufunguliwe.

Basi nikafika kwenye mahafali na hotuba yangu ya matusi, na unadhani nani amekaa kwenye kiti cha sofa, amevishwa shada la maua ya karatasi? Mwalimu wa hesabu, mstaafu, mgeni mwalikwa. Aliponiona alisimama akanikumbatia mbele ya watahiniwa wote waliokusanywa darasani kutusikiliza.

"Huyu nimemnoa mimi," akawaambia. "Ukali wangu ndio umemfikisha chuo."

Wakapiga makofi. Nikamshika mkono, nikatabasamu kwa ajili ya picha, nikamwambia, "Shikamoo, mwalimu. Hukuninoa. Ulinitupa, na mwingine akaniokota." Akacheka mpaka shada likatikisika. Ndiyo adhabu ya mtu mcheshi, hata ukimrushia mtu jiwe anadhani ni ubuyu.

Darasa lilikuwa lilelile, ila sakafu sasa ni ya vigae vyeupe vinavyong'aa. Nikatafuta mstari. Hakuna hata doa. Kiukweli hasira ilianza kunitoka, nikaona hotuba ya matusi nimebeba bure. Kisha mkuu wa shule akamwomba binti mmoja anisogezee kiti, na binti akauliza atoe cha wapi. Mwenzake akamjibu, "Kachukue kule Nakonde."

Nikamuuliza binti Nakonde ni wapi. Akanyoosha kidole nyuma, madawati ya mwisho.

"Kwa nini panaitwa hivyo?"

"Sijui, kaka. Tumepakuta panaitwa hivyo. Mimi ndiyo nakaa huko."

Nikamgeukia mwalimu wa hesabu. Alikuwa anasoma maandishi ya chupa yake ya soda kama ni barua kutoka ikulu.

Hotuba yangu ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia nchi hii. Nilisema, "Ninyi wa Nakonde, inukeni. Bebeni viti vyenu mje mbele." Wakaangaliana, wakacheka, wa mbele wakaanza kupiga miluzi. Nikangoja. Nilikuwa tayari kungoja mpaka pilau ipoe, mpaka mgeni rasmi aondoke. Binti akainuka wa kwanza. Alikokota kiti chake juu ya vigae na kikapiga kelele mbaya ya kukwaruza meno, na kwa masikio yangu kwaya zote za Mbozi zikiimba pamoja haziifikii. Kisha wengine wakafuata. Wawili watatu walibaki, wameinamisha vichwa. Sikuwatukana. Nilitamani sana.

Jioni nilipita Chapwa. Njia ya bibi haipo. Ua wa jirani umejengwa ukuta wa matofali mrefu kuliko mimi, juu vimepandwa vipande vya chupa, na wanaotaka ng'ambo wanazungukia kwingine. Hakuna anayemwaga maji ya vyombo. Nilivuta pumzi nikatafuta harufu ya karanga, nikapata ya moshi wa malori tu. Njia iliyokuwa ya kweli imezibwa kwa matofali, na ya chaki, ambayo haikuwa kitu, watoto waliozaliwa juzi wanaijua kwa jina.

Nikausalimia ukuta. Haukuitikia. Chafya ikishatoka, imetoka.