Walivyoiondoa Foleni kwa Kinyozi

Mwalimu wa jiografia aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule asubuhi moja, akaenda kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa kalamu nyekundu. Alipoingia alimkuta mkuu ametabasamu mpaka masikioni, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

"Mwalimu, shule imepata vishikwambi. Watoto wanatakiwa wafundishwe kutengeneza programu za simu. Nimekuchagua wewe."

"Mimi? Mkuu, mimi nafundisha milima na mito."

"Si wewe uliyenitolea kwenye simu ule mlio wa jogoo uliokuwa unawika kikaoni? Basi. Hapa hakuna anayekuzidi."

Na kweli alikuwa ameutoa ule mlio, ila mwenyewe hakujua aliutoaje. Hilo alilimeza, akashukuru, akaondoka na kishikwambi kimoja kwapani.

Kwa siku kadhaa alikaa nacho mezani kwake kila baada ya vipindi. Aligundua kwamba si lazima mtu ayajue yale maandishi ya kompyuta, ambayo ukiyatazama unadhani kuku amepita kwenye matope. Kuna njia nyingine. Unaburuta kipande chenye rangi kwa kidole, unakipachika kwenye kipande kingine, kama mtoto anayejenga kwa vibao. Kimoja kimeandikwa "kitufe kikibonyezwa", kingine "sema neno hili". Vikishikana, umeshatengeneza kitu.

Siku ya kwanza darasa lilijaa. Nusu walikuja kwa hamu, nusu walikuja kukwepa kufagia uwanja. Mbele kabisa alikaa msichana ambaye wenzake walimwita Swali, na jina lilimkaa.

"Mwalimu, tukikosea kitaungua?"

"Hakiungui."

"Umejaribu?"

"Nimekosea mara nyingi kuliko utakavyoweza wewe. Endelea."

Pembeni yake alikuwa mvulana waliyemwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kufungua redio ya shangazi yake, akaifunga tena, na vipande vikabaki mkononi. Huyo aliburuta, akapachika, akaandika kitu huku amekiziba kwa mkono wenzake wasione. Kisha akambonyezea mwalimu. Kishikwambi kikatoa sauti: "Shikamoo."

"Marahaba," mwalimu akajibu kabla hajajijua.

Darasa zima likavunjika mbavu, naye akacheka mpaka akatafuta leso. Tangu hapo hakuna aliyeogopa tena kugusa.

Kazi ikawa kutafuta cha kutengeneza. Mwalimu aliwaambia kwamba programu lazima imsaidie mtu mwenye tatizo. Lakini wale watoto hawakuwa na tatizo lolote duniani zaidi ya mitihani, na walichotaka ni programu ya kuwafanyia kazi za nyumbani. Alipochoka kubishana nao aliwachukua, akawapeleka kwa mumewe.

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, harufu ya spiriti na poda, na benchi refu lililong'arishwa na suruali za watu. Hapo benchini alikuwepo fundi viatu wa jirani, walikuwepo vijana wawili, na alikuwepo mstaafu mmoja waliyemwita Mzee Kipara. Huyo hakuwa na unywele hata wa kuazima, lakini alifika kila siku na mapema kuliko wote.

"Baba," akasema Injinia, kalamu tayari mkononi, "tatizo lako kubwa hapa kazini ni nini?"

Kinyozi alizima mashine, akafikiri. Tatizo hakuwa nalo, labda lile goti lake. Lakini akawatazama wale watoto waliotembea juani, jasho likiwachuruzika, wamesimama mlangoni wanamsubiri kama daktari. Angewarudisha vipi mikono mitupu, na mke wake amesimama pale?

"Foleni," akasema. "Watu wanakaa sana."

"Anatusema sisi," fundi viatu akadakia.

"Anakusema wewe," akasema Mzee Kipara. "Mimi nina kazi hapa."

Watu wakacheka, watoto wakaandika, wakarudi shule mbio.

Waliihangaikia ile programu mpaka ikasimama. Ukiifungua unaona picha ya kiti cha kinyozi na kitufe kimoja, "Chukua namba". Mteja anabonyeza akiwa kwake, anapata namba, anaona kinyozi amefika namba ngapi, na anatoka nyumbani zamu yake ikikaribia. Mwanzoni iligoma: kila mtu alipewa namba moja, na wote wakawa wa kwanza. Swali aliikodolea macho mpaka akakiona kipande kilichopachikwa mahali pasipo pake. Wakapita kwa wateja, wakawawekea kwenye simu zao. Mlangoni wakabandika karatasi: CHUKUA NAMBA KABLA YA KUINGIA.

Ikafanya kazi. Mtu alikuja, akanyolewa, akafutwa shingo, akaondoka. Injinia alitembea kama aliyeinunua ile barabara. Mkuu naye aliposikia hakukaa kitako. Aliwaalika walimu wa shule za jirani waje kujionea watoto wasiojua kompyuta walivyomwondolea kinyozi foleni.

Nyumbani, kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Hasemi habari za maana, anasema habari tu: nani amegombana na nani, gari la nani limekataa kuwaka. Sasa alikuwa anakula kimya, anatazama ukuta.

"Dukani vipi?" mkewe alimuuliza.

"Pazuri."

"Unaumwa?"

"Goti tu."

Mwalimu akaamini, maana goti lilikuwepo kweli. Mpaka alipopita kwenye duka la dawa akamkuta Mzee Kipara amekaa kwenye ngazi, peke yake, anatazama magari.

"Shikamoo mzee. Mbona uko hapa? Huendi kwa rafiki yako siku hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Pale wanataka namba."

"Si unachukua tu."

Mzee alivua kofia, akainamisha kichwa kikang'aa juani kama sufuria. "Haya, nitazame vizuri. Nichukue namba ya kunyolewa nini?"

Mwalimu alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Alivuka barabara kwenda kwa mumewe. Alimkuta amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, amekigeuza kitazame mlango, kitambaa begani. Benchi lilikuwa tupu. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, kijana, mkono mzito na mistari inampinda. Kwake watu walibanana mpaka mlangoni, na vicheko vilisikika mpaka huku. Mwanamume mmoja akaja amemshika mtoto mkono. Akachungulia ndani, akaona benchi tupu, akamwambia mtoto, "Hapa naona hakuna watu," wakavuka kwenda kule.

Mwalimu akakaa benchini.

"Tangu lini?"

"Tangu ile karatasi," akasema kinyozi. "Wenye namba wanakuja. Ila wanakuja, wanaondoka. Zamani mtu alikuja kusikiliza ubishi tu, anatoka hapa amenyoa na ndevu. Na mpita njia akisikia kelele anaingia."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wale watoto walivyofurahi! Na wageni wenu wanakuja. Acha wapite kwanza, tutaona."

"Sasa mbona uliwaambia tatizo lako ni foleni?"

Kinyozi alijikuna shingo. "Walikuwa wameshika kalamu, mama. Niliona vibaya kuwaambia sina tatizo."

Mwalimu alimtazama akashindwa amkasirikie au amkumbatie. Alijua kinachomsubiri. Ile ilikuwa kazi ya kwanza ambayo wale watoto waliitengeneza wenyewe, na haikuwa na kosa lolote. Akiwaambia iondolewe, wengine hawatagusa kishikwambi tena. Akiiacha, hadi wageni wapite mumewe atakuwa ananyoa kivuli chake.

Kesho yake alipiga moyo konde, akalieleza darasa lote kama lilivyo. Injinia alikunja uso.

"Lakini inafanya kazi, mwalimu."

"Inafanya kazi sana."

"Sasa kosa letu nini?"

"Sijasema mna kosa. Twendeni tukakae."

Wakaenda yeye, Injinia, Swali na wengine wachache, wakabandua ile karatasi, wakakaa benchini na madaftari yakiwa yamefungwa, kwa amri ya mwalimu. Mwanzo kulikuwa kimya kama kanisani siku ya kazi. Kisha fundi viatu akachungulia, akaona watu, akaingia kuuliza kuna msiba gani. Mzee Kipara akaitwa. Likazuka suala kama samaki hulala au halali, na fundi viatu, ambaye hajawahi kufuga hata mmoja, akaapa kwamba halali. Mpita njia akasimama mlangoni kusema jambo moja tu, akaishia kukaa. Alipofikia kuondoka alikuwa amenyolewa.

Injinia alitangulia mbele njia nzima ya kurudi. Darasani alifungua kishikwambi, akakishika kile kipande cha namba kwa kidole, akakiburuta taratibu mpaka kwenye pipa la taka lililo pembeni ya skrini. Akakishikilia hapo kidogo. Akaachia.

"Tuweke nini hapo?" akauliza bila kuinua uso.

"Ubishi wa leo," Swali akasema. "Kinyozi aseme kwenye simu wanabishania nini, watu waone."

"Na yule mteja muuguzi, anayewahi zamu hospitalini? Yeye kweli hana muda wa kukaa."

"Basi namba ibaki kwa mwenye haraka. Iwe ndogo, chini."

Mwalimu alijifanya anasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Kalamu nyekundu ilikuwa imefunikwa.

Wageni walifika na mkuu mbele, shati limenyooka, maneno ameyapanga. Alipoingia dukani akakuta benchi limejaa na watu wengine wamesimama. Akamgeukia mwalimu kwa macho ya mtu aliyeuziwa saa mbovu.

"Foleni si iliondolewa?"

"Iliondolewa, mkuu. Imerudishwa. Wenyewe watawaeleza."

Mgeni mmoja, mwanamke mrefu mwenye miwani, alimwinamia Injinia. "Mlitengeneza programu, ikafanya kazi, halafu mkaibomoa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani aliwaambia?"

Injinia akamtazama mwalimu wake, kisha kinyozi, ambaye ghafla aliona kazi nyingi sana kwenye sikio la mteja. "Tulikuja kukaa," akasema. "Mara ya kwanza tuliuliza tu, hatukukaa." Akaeleza yote, kijana wa watu, bila kutia chumvi wala kumtaja mtu kwa ubaya, na mkuu akaanza kutikisa kichwa kana kwamba wazo lilikuwa lake.

"Mnataka kututengenezea na sisi?" mgeni akauliza.

"Tunataka. Shuleni kwenu kuna tatizo gani?"

Mgeni akafungua mdomo kujibu. Injinia akainua mkono kidogo, kwa adabu.

"Samahani, mwalimu. Tafadhali usinijibu ili unifurahishe."

Mgeni akafunga mdomo. Akavua miwani, akafikiri kweli, na benchini wakasogeleana akapata pa kukaa.