Sekunde tatu za mama yangu zilizopotea nikifanya backup

Wakuu, hamjambo popote mlipo.

Naandika nikiwa Makutano, Meru, na hii si hekaya. Natamani ingekuwa.

Juzi kuna jamaa alilalamika hapa kwamba kompyuta yake inaganda akikopi mafaili, mausi haisongi, saa imesimama. Wengi mkamjibu anunue disk mpya. Nilicheka kidogo. Wacha niwaambie kuganda kama huko kulininyima nini.

Sisi ni watu wa Kiritiri, kwa mbuzi na jua. Tulizaliwa wawili tu: dada yangu Igoki, na mimi Njeru, kitinda mimba. Igoki aliolewa mbali, Laare, juu kabisa kwenye miraa. Mama alikuwa mgonjwa wa miguu, hangeweza kupanda huko, na kuandika hakujua.

Kwa hivyo Igoki alipojifungua mtoto wa kwanza, mama alimtumia barua ya kaseti. Walio na umri wangu mnazikumbuka. Unaketi mbele ya redio, unabonyeza vile vidude viwili pamoja, unaongea kama mtu yuko hapo. Ile kaseti ilisafiri na mfanyabiashara wa mbuzi mpaka Laare.

Mimi wakati huo nilikuwa shuleni. Sikuisikia.

Miaka miwili baadaye mama akafariki. Hatukuwa na picha yake nzuri hata moja. Tulikuwa na hiyo kaseti, na Igoki aliicheza mpaka tepu ikaanza kukwaruza.

Sasa tuje mwisho wa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta katika bureau moja hapa Makutano. Tulikuwa tunachapa barua, mitihani ya shule, programu za mazishi. Mwenye bureau alikuwa mwalimu mstaafu, tulimwita Mwalimu tu. Mashine yetu kubwa ilikuwa na Windows NT, na mimi niliringa nayo kama ni ya baba yangu.

Siku moja Igoki akashuka kutoka Laare na kaseti imefungwa kwa leso. Alitaka niiweke kwa kompyuta, halafu itolewe CD.

Akaniambia, "Njeru, fundi wa redio amesema hii tape imebakisha kuchezwa mara moja. Moja tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

"Na kuna kitu mama anakuambia huko mwisho. Sikukuambia, nilitaka usikie na masikio yako."

Akaenda sokoni. Nikaunganisha redio na sound card ya kompyuta kwa waya, nikaanza kurekodi. Sauti ya spika nikaishusha chini kabisa, kwa sababu kulikuwa na wateja na Mwalimu hakupenda kelele. Nilijiambia nitasikiliza baadaye, kwa utulivu.

Hapo ndipo Mwalimu akapita akasema ile backup ya kazi zote za wateja ifanywe siku hiyo hiyo. Mafaili madogo madogo maelfu, ya miaka yote, kutoka disk ya zamani kuingia ile ile disk niliyokuwa narekodia.

Ningesema, "Mwalimu, nipe dakika arobaini." Hangekataa, alikuwa mzee mpole. Lakini nilikuwa nimeshajisifu kwa kila mtu kwamba NT inafanya kazi kumi mara moja. Nikaanzisha backup.

Baada ya muda mausi ikakwama. Ile taa nyekundu ya disk ikawaka bila kupepesa. Dirisha kwenye skrini likawa jeupe, likarudi, likawa jeupe tena. Nikaona ni mambo ya kawaida, itashika tu. Nikaenda kumhudumia mteja wa photocopy.

Niwaeleze kilichokuwa kinatokea ndani, maana mimi mwenyewe nilikuja kukielewa miaka baadaye. Disk za NT zina journal. Ni kama karani wa stoo: kabla hajaweka gunia mahali pake, lazima kwanza aandike kwenye daftari kwamba naweka gunia hili hapa. Stima ikipotea, akirudi anasoma daftari, hakuna kinachopotea. Ni mpango mzuri sana. Lakini ukimletea maelfu ya vifurushi kwa wakati mmoja, anaandika, anaandika, na wengine wote wanangoja mlangoni. Sauti ya mama ilikuwa inangoja mlangoni. Na sauti haingoji, tepu inazunguka.

Kaseti ilipofika mwisho nikairudisha nyuma. Ikalia krrr, na tepu ikakatika vipande, nyepesi kama ganda la kitunguu. Sikushtuka sana, kwa sababu file lilikuwa pale, zima, halina kosa lolote.

Igoki akarudi. Nikamvutia kiti, nikapandisha sauti.

Mama akaanza kuongea, Kimbeere chake cha polepole, lugha ya kwetu Kiritiri. Nilikuwa sijasikia sauti hiyo tangu tumzike. Machozi yalinitoka mbele ya wateja na sikujali.

Halafu ikakatika. Kimya, sekunde mbili tatu, kisha mama akaendelea na jambo lingine. Mbele kidogo ikakatika tena. Ile programu ya kurekodi ilikuwa imejaza kimya kila mahali disk iliposhindwa kupokea.

Nilimwangalia Igoki nikingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

Kimya cha tatu kilipofika, alifumba macho akasema kwa sauti ndogo, kwa Kimbeere, maneno yenyewe: maziwa ya mbuzi uyachemshe mara mbili. Akamaliza, na mama akaendelea, pale pale. Cha nne akakijaza. Cha tano pia. Alikuwa ameisikiza kaseti hiyo mpaka akaijua kama sala ya Baba Yetu.

Mwisho kabisa mama akasema, "Na huyo Njeru, mwambie..."

Kimya.

"...basi, nimemaliza. Kaeni na amani."

Nikamgeukia Igoki. Alikuwa ananiangalia, na hakujaza.

"Alisema nini?"

Akacheka kidogo, ule ucheko wa dada mkubwa. "Hiyo sikuambii kwa bureau, watu wakipiga photocopy. Ukuje Laare, nikupikie, ukae chini. Nitakuambia. Hizo zingine usijali, zenye zimepotea niko nazo."

Wakuu, kutoka Makutano mpaka Laare si mbali. Asubuhi unaenda, jioni uko kwako.

Sikwenda. Yaani nilienda, lakini vile watu huenda: harusi ya fulani, nimesimama mlangoni, gari linangoja. Kila mara aliniuliza, "Umekuja kukaa?" Nami nikasema dada, wiki ijayo. Nilifungua bureau yangu mwenyewe, nikaoa, nikawa na kazi tatu kwa wakati mmoja, na nilijivunia hilo pia.

Kila Krismasi tulikutana Kiritiri na kuicheza ile CD. Igoki alijaza vimya vyote ila kile cha mwisho. Watoto wetu walikua wakidhani ndivyo ilivyorekodiwa, shosho, bibi yao, anasema na Igoki anaitikia. Kikifika cha mwisho ananitazama, anatabasamu. Ukawa mchezo wetu.

Mwaka jana Igoki alikuwa anachuma mboga, akasema kichwa kinamuuma, akaketi chini. Hakuamka. Ni pressure ya damu.

Ndipo nikaenda Laare nikakaa. Siku nne.

Baada ya mazishi mtoto wake wa pili wa kike, Ciarunji, aliyepewa jina la mama yangu, na mimi kwa desturi humwita mama, alileta ile CD. Tukaicheza. Kimya cha kwanza kilipofika sote tulingoja, kwa mazoea. Hakuna aliyesema kitu. Vingine watoto walijaribu kuvijaza, wakabishana.

Cha mwisho kikapita.

Nikamuuliza Ciarunji kama mama yake aliwahi kumwambia maneno yale.

Akasema, "Nilimuuliza mara mingi, mjomba. Alikuwa anasema ni ya Njeru, akikuja kukaa."

Nimejifunza nini? Kwamba ile mashine niliyoilaumu miaka yote ilikuwa na akili kunishinda. Ilijua chochote kinaweza kukatika ghafla, kwa hivyo iliandika kwanza. Mimi nilikuwa na dada aliyebeba kaseti nzima kichwani, na kwa zaidi ya miaka ishirini sikuandika hata mstari.

Kama una mtu kama huyo, zima simu, nenda ukae.

Na wataalamu mliomo humu, kama kuna anayejua njia ya kurudisha sekunde tatu ambazo disk haikuwahi kuziandika, aniandikie hapa chini. Jibu nalijua. Lakini nitasoma yote.