Kofia ya Walii na Ukubwa wa Burundi

Bi Saliha wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, alishona kofia kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakumpima mtu kichwa. Alikutazama mara moja ulipovuka kizingiti, akakata kitambaa, na kofia ikakukaa kana kwamba ulizaliwa nayo. Mumewe alipofariki kwa maradhi, mwaka wa pili wa vita, alimwachia cherehani, vyumba viwili na binti mmoja, Afrah. Milio ya risasi ilipotoka milimani, Saliha alisema, "Mola, tupishie mbali," kisha akaendelea kudunga sindano. Kwa kofia hizo Afrah alisoma hadi akawa mkunga.

Mwaka wa 2002 binti huyo aliposwa na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Ilias wa Ngagara, mwalimu wa jiografia, mtu mpole ambaye viatu vyake vilikuwa na chaki siku zote. Wa pili alikuwa Bader, kijana wa ukoo wao aliyekimbilia Norwei. Afrah alimtaka Ilias, na mama yake pia. Lakini baba akiwa hayupo, walii wa kuozesha ni ndugu wa baba, na ndugu huyo alikuwa Thabit, muuza vitambaa wa Rohero. Bila neno lake hapakuwa na ndoa. Naye aliahidi kulitoa neno lake Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri.

Alifika amekumbatia ramani ya dunia iliyokunjwa kama jora. Akaikunjua mkekani, akaibana pembe zake kwa vikombe vya kahawa, kisha akatoa mfukoni utepe wa kupimia. Ilias, aliyeitwa asikie jibu la posa yake, alikaa karibu na mlango, magoti pamoja.

"Shemeji, mi nauza kitambaa, sinunui maneno," alisema Thabit akinyoosha utepe. "Ona Norwei hii, inavyojaza kiganja! Sasa nitafutie Burundi."

"Iko wapi?" aliuliza Saliha.

"Chini ya ukucha wangu. Hata jina halikuenea. Wameliandika kwa jirani, huko Tanzania, kama mupangaji! Katika nchi kama hii mutoto atakimbilia wapi? Ukipiga chafya Bujumbura, mutu wa Muyinga anakuambia pole."

Afrah aliinama. Saliha naye moyo ulimnywea. Hakuwa amepata kuiona nchi yake ikiwa ndogo hivyo, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama kumweka binti yake hapa hakukuwa kumnyima nafasi ya kupumua. Macho yake yalipanda ramani taratibu, kama yanavyopanda kofia, kutoka ukingoni kwenda utosini. Huko juu yakakwama.

"Ilias, mwanangu, dunia si ya duara?"

"Ya duara, mama, kama chungwa."

"Basi huku juu ndipo utosini."

"Ndipo."

"Na utosi ni nukta tu. Mbona hapa utosi ni mrefu sawa na kiuno?"

Ilias aliinamia ramani. Alikuwa amefundisha miaka tisa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza hilo.

"Shemeji," alisema Saliha, "niazime kofia yako."

Utani wa mashemeji hauna mipaka, na Thabit aliivua bila kufikiri. Kabla hajakifuta kichwa jasho, mkasi ulikuwa umekwisha kuingia kazini.

"Saliha! Hiyo ya Maskati!"

"Tulia. Anayejua kushona anajua kufumua."

Alikata mshono wa nyuma, akaukunjua ukanda wa pembeni ukawa mstari mmoja mkekani. Duara la juu akalikata vipande vinane, kama vya chungwa, akavipanga juu ya ukanda, ncha zikitazama juu.

"Haya. Chini huku vipande vinagusana. Juu ni ncha tupu, katikati yake unaona mkeka. Mchora ramani hakutaka mkeka uonekane. Amefanyaje?"

Thabit aliinama, pua karibu iguse kitambaa. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya dukani.

"Amevuta. Kila ncha ameivuta mpaka iguse mwenzake."

"Norwei iko wapi?"

"Kwenye ncha."

"Na sisi?"

"Ukingoni. Hapa hakuna aliyevuta kitu." Akaurudisha utepe mfukoni kwa haya. "Nimepima kitambaa kilichovutwa. Karani akifanya hivyo dukani kwangu, namfukuza!"

Wanawake waliangua kicheko. Ilias peke yake hakucheka, alikohoa kidogo.

"Baba mkubwa, nisikudanganye. Hata isipovutwa, Norwei inatuzidi eneo mara kumi na zaidi. Ila watu wake ni milioni nne na nusu. Sisi tumepita milioni sita."

"Milioni sita? Ndani ya ukucha huu?"

"Ndani ya ukucha huo huo."

"Na jana tuliongeza watano," alisema Afrah. "Wawili ni mapacha, na mkunga nilikuwa mi peke yangu."

Thabit aliutazama ukucha wake. Kisha alisema polepole.

"Mi sikutafuta nchi kubwa, mwanangu. Nilitafuta mahali ambapo risasi haifiki. Ndugu yangu aliniachia mmoja tu."

"Najua, baba mkubwa. Lakini huko kwenye ncha, ambako kuna mkunga kila mlango, nani ataniita usiku? Hapa wananiita kwa jina."

Mzee alimgeukia Ilias. "Na we, ungeweza kuniacha niamini kwamba Norwei ni ndogo. Nilikuwa nimekwisha kuingia mtegoni. Mbona ukanitoa?"

"Ningekuwa nimemposa binti yako kwa uongo."

"Mm." Thabit alikunja ramani, akaitia kwapani. "Bader nitampigia simu mwenyewe. Ni kijana mzuri, atapata wake. Afrah nimemwozesha Ilias, kwa radhi yangu. Lakini shemeji, walii hawezi kukaa mbele ya shehe kichwa wazi. Ukimaliza kunishonea kofia nyingine, Ijumaa inayofuata ndiyo siku ya ndoa."

Aliliona hilo kuwa sharti gumu, maana kofia nzuri ya kudarizi hula miezi. Saliha alimtazama kichwani mara moja tu, akavuta cherehani. Majirani wanasimulia kwamba hakudarizi hata ua moja: aliishona nyeupe, wazi, mshono mara mbili, na Thabit alipomaliza kikombe chake cha pili cha kahawa, ilikuwa imekwisha kumkaa kichwani.

"Ijumaa, basi?" aliuliza Saliha.

"Ijumaa," alisema Thabit, akiipapasa utosini kutafuta kosa, asilione.