Watu Sita, Viti Vitano

Msinipigie ile methali ya kinyozi hajinyoi. Kinyozi asipojinyoa, kichwa ni chake mwenyewe. Seremala huyu ninayemsema alikuwa na karakana uani kwake, viti vyake vimejaa mtaa mzima, na ndani mwake walikuwamo watu sita na viti vitano. Kimoja chake, kimoja cha mama yake mzazi, vitatu vya watoto. Mkewe alikuwa anakula jikoni, wima, huku anakwangua sufuria. Hakuna aliyemkataza kukaa. Hapo ndipo panaponichoma: hakuna hata aliyeona kwamba hakai.

Na kutwa nzima mama wa watu alikuwa wima vilevile, akipiga pasi nguo za wateja barazani. Miguu ikaanza kuvimba jioni, baadaye ikawa inavimba tangu asubuhi. Nesi wa zahanati alipoibonyeza kwa kidole, pakabaki shimo.

"Mama, usipoipumzisha utapata kidonda, na kidonda cha mguu wa namna hii hakiponi upesi. Hata ukipiga pasi, kaa."

Akarudi nyumbani, akamwambia mumewe. "Baba watoto, nitengenezee kiti, kirefu kidogo, kinifikishe mezani kwenye pasi."

"Kesho tu, mke wangu."

Kesho za mafundi mnazijua. Lakini kiti kilitengenezwa, kizuri kweli. Akapita mteja, akakipenda, kikaondoka. Cha pili nacho kikaondoka. Kila mara fundi alikuja anachekacheka, "Vumilia kidogo, hiki kimepata mwenyewe." Mwenyewe! Na aliyekiomba alikuwa nani, paka?

Siku kandambili zilipogoma kuingia mguuni, yule mama aliiacha pasi, akaenda karakana peku. Kulikuwa na kiti kirefu kimeshapigwa vanishi na kukauka, kinasubiri kuchukuliwa. Akakaa. Akaegemea. Akaweka miguu juu ya kipande cha mbao, akafumba macho, na hasira yake yote ikamjaa kifuani, kwa sababu hakujua kumbe kukaa ni kutamu hivyo.

Mteja akafika na mkokoteni.

"Mama watoto, inuka," fundi akasema. "Mwenyewe kaja."

"Mwenyewe ni mimi."

"Usinitie aibu mbele za watu, bwana!"

"Aibu unaijua wewe?" Akapandisha gauni hadi magotini. "Miguu hii mara ya mwisho umeitazama lini? Mbao ikipinda kidogo tu unaiona toka mlangoni. Mimi nimevimba mbele ya macho yako!"

Kelele zikamtoa mama mkwe ndani, na wajukuu nyuma yake. "Jamani, kiti tu ndiyo mfokeane hivi?"

"Si ndiyo namshangaa, mama," fundi akasema, sasa naye amepandisha sauti. "Ana kiti chake mezani. Achukue kile akikalie akipiga pasi, aniache nifanye kazi!"

"Kiti changu kipi?" mkewe akauliza, taratibu.

"Kile cha… Ngoja nikuletee."

Akaingia ndani. Wakamsikia anavuta viti na kuvirudisha. "Changu hiki. Cha mama. Cha mkubwa…" Alitoka mikono mitupu, kasimama mlangoni.

"Kwani wewe," akasema, "siku zote unakulia wapi?"

Mkewe alikuwa amejiandaa kwa matusi. Amejiandaa hata kuvutwa kwa nguvu. Swali lile hakuliandalia chochote, na lilimuuma kuliko viti vyote vilivyouzwa.

"Usiniulize mimi," akasema. "Muulize mama yako. Waulize wanao. Akitokea mmoja tu anayejua, nainuka sasa hivi."

Fundi akamgeukia mama yake, akawatazama watoto. Hakuna aliyejua. Mteja akageuza mkokoteni wake mtupu, akaondoka bila kuaga.