Ukomando Mbele ya Wageni

Mzee mlinzi wa nyumba ya Marhoon, katika mtaa wa kitajiri wa Madinat Sultan Qaboos, aliwahi kuwa komando wa jeshi la Afrika Kusini. Kiswahili alikiokota Kongo. Kila asubuhi hulipiga pasi shati lake hata kola ikasimama, na husema kwa sauti ya chini, kama anayechelea kumwamsha mtu. Ijumaa moja Marhoon alimwita sebuleni.

"Hebu waoneshe wageni ukomando wako!"

Mzee akavua kofia, akatambaa kwa viwiko juu ya marumaru, wageni wakicheka na kumpiga picha. Akainuka, viwiko vimechubuka.

"Yatosha, bwana?"

Marhoon uso ulimshuka. Siku hizi hutokea mlango wa uani, maana langoni mzee yule bado humsalimu kwa heshima ileile.