Koti la Baba Saisi

Kosa langu la kwanza kubwa lilinukia sabuni ya unga. Hadi leo, nikipita koridoni pale jengoni kwetu Bertrams, Johannesburg, na harufu ya nguo zilizoanikwa ikanipata, mimi huongeza mwendo kama mtu anayeogopa kuitwa jina. Nilikuwa na miaka tisa. Nilifua koti la baba.

Niwaeleze. Baba alikuwa saisi, mtunza farasi. Alitoka Tanga akiwa kijana, akapata kazi kwenye mabanda ya matajiri kaskazini mwa Johannesburg, akajulikana kwa kutuliza farasi wakorofi. Kisha kikosi kimoja cha askari wa farasi kikatafuta masaisi wa kwenda nao ng'ambo, katika nchi iliyokuwa vitani, kulinda misafara ya chakula kwenye milima isiyopandika kwa gari. Mshahara ulikuwa mzuri. Asubuhi ya kuondoka, baba alivua koti lake la kazi, gumu kwa jasho na mafuta ya ngozi, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba changu. Kisha akachukua begi lake akashuka ngazi.

Mimi ni mtu wa kunyoosha vitu tangu utotoni. Hata viatu vyangu vililala vikitazama upande mmoja. Nikadhani baba amesahau nguo chafu. Mama alipokwenda kuuza mihogo Hillbrow, nilijaza beseni, nikalisugua koti mpaka vidole vikachubuka, nikalipiga pasi, nikafunga vifungo vyote. Msinicheke: nilijivuna.

Baba alituma ujumbe wa sauti kila alipopata mtandao, na kwa jumbe hizo nilikijua kikosi chake kuliko nilivyoijua shule yangu. Kule askari hanywi chai kabla farasi wake hajanywa maji. Hata mkubwa wao, na nyota zake mabegani, alisimama na ndoo gizani akipiga miayo. Maji kwanza, chakula baadaye. Kisha kwato, mguu mmoja baada ya mwingine, kuchokoa vijiwe. Msafara uliporudi, matandiko yalishushwa na kila mgongo ukapapaswa kwa kiganja, kwa sababu kidonda cha ukubwa wa dengu kilitosha kumweka farasi kambini wiki nzima. Jioni waliwafunga kwenye kamba moja ndefu, na masaisi wakapita wakiongea lolote. Mizinga ikilia upande wa pili wa bonde, alisema baba, farasi husikiliza sauti ya mtu wake kabla hajaamua kukimbia. Yeye alimsimulia farasi wake, jike jekundu aliyeitwa Kashata, bei ya nyanya Johannesburg.

Nilisikiliza hayo peke yangu, juu ya kitanda. Watoto wa jengoni walicheza kwa Kizulu na Kiingereza, na nilipowaambia baba yangu yuko vitani na farasi, walicheka wakauliza kama ana upanga pia.

Siku moja ulikuja ujumbe mwingine.

"Mwanangu, nililazwa na homa siku kadhaa. Kashata akagoma kula. Wenzangu wakamtundikia shati langu nililokuwa nimelivaa, akatulia. Ndivyo tufanyavyo sisi. Ukimwacha farasi, unamwachia nguo haijafuliwa, ajue bado una mpango naye. Kama lile koti nililokuachia."

Nilikwenda nyuma ya mlango nikanusa. Harufu ya sabuni tu, maua ya kiwandani.

Jumamosi kulikuwa na mechi uwanjani karibu na kwetu, na polisi wa farasi walikuwa wamekuja kama kawaida. Nililibeba koti mpaka kwa askari mmoja mwanamke aliyekaa juu ya farasi mweusi.

"Wena, we mtoto! Rudi nyuma, huyu anauma."

"Naomba ajipanguse hapa, Sisi," nikasema, kama waitavyo dada kule Johannesburg.

"Eish! Wenzako wanaomba picha, wewe unaomba makamasi?"

Nikamnyooshea koti juu zaidi. Akanitazama kidogo, akainama, akachukua koti na kulisugua shingoni mwa farasi, chini ya manyoya, kwa nguvu kabisa.

"Sharp. Mama yako akikuchapa, mimi simo."

Nyumbani nilijifunika nalo usoni. Lilinuka farasi, farasi yeyote yule. Baba hakuwamo.

Sikumwambia baba kuwa nimelifua. Nilikuwa nikirekodi ujumbe, nikausikiliza, nikaufuta kwa sababu sauti ilitetemeka au Kiingereza kilipenya katikati. Uliomfikia ni ule safi tu. Halafu akaniuliza: "Mkataba unaisha mwezi ujao. Wanataka niongeze mwaka. Unaonaje, bwana mdogo?"

Nilifanya mazoezi bafuni mpaka sauti ikanyooka. "Sisi tuko sharp, baba. Usijali. Msalimie Kashata."

Mama alikuwa jikoni akimenya mihogo. "Ndivyo ulivyomwambia?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Kisu kikaendelea.

Baba akaongeza mwaka, kisha mwingine, kisha mwingine. Aliporudi sauti yangu ilikuwa imeanza kuwa nzito, tukapeana mikono kama wageni waliokutana msibani.

Nimechelewa sana kuelewa. Mwanamume anayemuuliza mtoto wa miaka tisa habari za mkataba hatafuti ushauri. Alitaka kuambiwa arudi. Farasi wake aliweza kuwajua kwa masikio yao, kwa chakula walichobakiza, kwa joto la mgongo. Kwangu alikuwa na sauti peke yake, nami nilihakikisha haina kasoro hata moja, akaiamini.

Sasa baba anaishi Tanga. Kiswahili hiki nimejifundisha mwenyewe kukiandika, na bado naogopa kila mstari. Lakini siku hizi nikimkumbuka baba nampigia simu saa ileile, na namwambia nimemkumbuka, hata nikiwa nalia.