Ndege Mwenye Pete wa Bugwema

Hebu mwone Wegesa anavyokuja. Umande bado haujakauka, naye yuko njiani kuelekea shamba la kijiji, kombeo kalitundika shingoni kama shanga, vijiwe kavifunga kwenye pindo la kanga, na mdomo haujatulia. Kila mlio unaotoka kichakani anaujibu kwa jina: wewe shore, wewe tetere, na wewe chiriku nimekuona, usijifiche.

Mwaka ule wa sabini na tano kijiji chetu cha ujamaa kule Bugwema kilikuwa kipya bado, na kila mtu alikuwa na kazi yake. Ya Wegesa ilikuwa kuamia ndege, yaani kukaa juu ya dungu na kuwafukuza wasile mtama. Dungu lile alilipata kwa maneno yake mwenyewe. Alisimama mkutanoni akasema kuanzia Bunda mpaka Musoma hakuna ndege ambaye yeye hamjui. Nani angebishana naye?

Basi asubuhi hiyo akapanda dunguni, akatazama upande wa mtama uliochelewa kupandwa, ule uliokuwa umefika magotini. Kulikuwa na ndege kama ishirini, warefu kama watoto wa miaka minne. Weupe, ncha za mabawa nyeusi, midomo na miguu myekundu. Walikuwa wakipita katikati ya mistari polepole, kama wakaguzi waliotumwa na wilaya. Wegesa hakuwahi kuwaona maishani mwake.

Vijana wa zamu walitaka kuwafukuza papo hapo. Aliyewatangulia ni Mihayo, ambaye dungu lile alikuwa akilitamani siku nyingi. Akamuuliza mbele za watu, kwa upole kabisa, "Dada Wegesa, na hawa nao ni wa kati ya Bunda na Musoma?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti Boniphace hakucheka. Alisema anampa Wegesa mpaka kesho jioni aeleze hao ni ndege gani na wanakula nini. Akishindwa, watafukuzwa, na dunguni atapanda Mihayo.

Wegesa akaona hii si kazi ya macho mawili. Akamwendea Keraryo, mchungaji aliyezeeka akitazama ndege wanaoandamana na ng'ombe. Akamwendea pia Tereza wa Makoko, kule ziwani, aliyekuwa amekuja na dagaa wake kijijini. Huyo aliwajua ndege wote wa ziwani, maana ndio waliokuwaga wakimwibia samaki aina ya furu alioanika juani.

Wakalala kifudifudi majanini, watu wazima watatu, matako juu. Keraryo akasema hawa si yangeyange, ni warefu mno, halafu hawana habari na ng'ombe. Tereza yeye alikazia macho midomo.

"Mla nafaka ana mdomo mfupi wa kubangulia," akanong'ona. "Huo ni wa kudonoa kitu kinachokimbia. Huyu ni ukoo wa kongoti, yule mla mizoga, shoga yangu. Tofauti ni kwamba huyu ameoga."

Kama vile amesikia, ndege mmoja akapindua shingo nyuma akagonganisha mdomo, ka-ka-ka-ka, vilevile afanyavyo kongoti. Ukoo ukawa umejulikana. Jina hakuna aliyekuwa nalo. Hapo ndipo Keraryo alipomshika Wegesa mkono.

"Mguu wa kulia. Ana pete. Huyu ndege ana mwenyewe."

Wala hakuna aliyecheka. Kwetu mnyama aliyepotea akiwa na alama hafukuzwi wala hachinjwi. Anatunzwa pale alipo na kutangazwa mnadani, mpaka mwenyewe atokee. Wegesa akalipeleka jambo kwa mwenyekiti hivyohivyo lilivyo. Boniphace akakuna kichwa muda mrefu. Dume lake mwenyewe lilikuwa limerudi mwaka uliopita kwa desturi hiyohiyo, angekataaje? Mihayo akauliza hao wengine wasio na pete nao watunzwe kwa sababu gani.

"Kengele anavaaga ng'ombe mmoja," Keraryo akamjibu. "Kwani kundi linakosa mwenyewe?"

Ndege wakabaki, na Wegesa akabaki dunguni. Siku ya tatu Keraryo akasimama mnadani Butiama, akatangaza kwamba Bugwema kumeonekana ndege mkubwa mweupe mwenye pete, aliyepotelewa aje na ushahidi. Mnada ulisimama kwa kicheko. Kicheko hicho kikasafiri mpaka Bunda, na kutoka Bunda akaja bwana shamba, Clementi, kwa baiskeli, kumwona huyo ng'ombe mwenye mabawa.

Kufikia hapo Wegesa alikuwa ameshaona kwa macho yake wanachokula. Chini ya majani ya mtama walikuwepo viwavijeshi, na wale wakaguzi walikuwa wakiwadonoa mmoja mmoja, mstari kwa mstari. Ng'ambo ya kijito, shamba la jirani lilikuwa limebaki mabua matupu. Letu lilisimama.

Clementi akawatazama, akatabasamu. Akasema ni korongo weupe, wanaokuja kila mwaka kutoka Ulaya wakikimbia baridi. Na pete je? Huko kuna watu wanaowavisha makinda wakiwa bado kiotani, wapate kujua wanafika wapi.

Wegesa akasimama wima dunguni. "Si nilisema ana mwenyewe?"

Clementi akajaribu kueleza kwamba kumvisha ndege pete si kummiliki, mwishowe akachoka, akaomba maji ya kunywa. Mihayo mwenyewe ndiye aliyepanda kumpelekea Wegesa vijiwe vipya. Tangu siku hiyo Wegesa alikuwa akijisifu hivi: kuanzia Bunda mpaka Musoma, na Ulaya kidogo.

Korongo waliondoka wakati wao ulipofika, bila kuaga. Jambo moja tu likabaki likimkera Wegesa. Kwetu aliyekutunzia mnyama wako aliyepotea hushukuriwa kwa ndama. Basi kila mgeni alipotokea njia ya Musoma, Wegesa alikuwa akinyanyua shingo dunguni kuangalia kama ndiye mwenye ndege.

Sasa nakuuliza wewe: mtu huyo angefika kweli, Wegesa angemdai kinda, au sisi wa Bugwema ndio tungetafuta ndama wa kumpa, ndege wake walivyotuokolea mtama?